Kutega na kutegua: lugha ya kanuni katika sudoku zenye masharti ya ziada

Kiswahili kina jozi za vitenzi ambazo kimoja hufunga na kingine hufungua: funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua, tega na tegua. Sarufi huiita hali hii kauli ya kutendua. Jozi ya mwisho ndiyo inayotawala uwanja wa vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", wasikilizaji humjibu "Tega!", naye akishatega, kazi ya kutegua huwa yao. Wakishindwa, mtegaji huomba apewe mji, na akishapewa hudaiwa kutoa jawabu mbele ya wote.

Makala hii inaeleza jinsi jozi hiyo, pamoja na maneno mengine ya kawaida ya Kiswahili, inavyoweza kubeba mchezo wa sudoku, hasa sudoku zile ambazo mtungaji ameziongezea masharti yake mwenyewe. Katika sudoku za namna hiyo kanuni huandikwa kwa maneno, na neno moja lenye maana mbili laweza kuufanya mchezo uwe na majawabu mengi au usiwe na jawabu lolote. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mchezo wenye kasoro hiyo hudhani kwamba udhaifu ni wa akili yake, kumbe ni wa sentensi aliyopewa.

Tega, fumba, tunga, tatua

*Tega* ni kuweka kitu kwa namna itakayomnasa mwingine: mtego wa panya, kitendawili, swali la mtihani. Kinyume chake, *tegua*, ni kukiondolea kitu hicho nguvu ya kunasa. Mtu hutegua mtego, hutegua kitendawili, na hutegua bomu. Kitenzi hiki kinadokeza kuwa kuna aliyetega kwa makusudi na kwamba njia ya kutoka ipo.

*Fumba* ni kufunga, kama kufumba macho, na *fumbo* ni kauli ambayo maana yake imefungwa. Fumbo laweza kuwa na tafsiri zaidi ya moja na likaendelea kuwa fumbo zuri. Washairi wameishi kwa hilo. Sudoku haivumilii hali hiyo, kwa kuwa sharti lake la msingi ni jawabu moja tu. Kwa sababu hiyo, sudoku iko karibu zaidi na kitendawili kuliko fumbo la mshairi, ingawa kuiita *fumbo la namba* si kosa katika matumizi ya kila siku.

*Tatua* lina uhusiano na *tata*, yaani hali ya kusokotana. Mtu hutatua tatizo ambalo pengine hakuna aliyelikusudia: mgogoro wa mpaka, upungufu wa maji, hesabu isiyolingana. Kwa sudoku, *tatua* linafaa, lakini *tegua* linasema zaidi, kwa kuwa linamkumbusha msomaji kwamba upande wa pili yupo mtu aliyepima kila hatua. Mtu huyo aweza kuitwa *mtungaji* au *mtegaji*. Anayeshughulika na jawabu ni *mteguaji*.

Mchezo na asili yake

Sudoku ya kawaida ina jedwali la visanduku 81, tisa kwa tisa. Kila safu mlalo, kila safu wima na kila moja ya kanda tisa za visanduku vitatu kwa vitatu inapaswa kuwa na tarakimu 1 hadi 9, kila tarakimu mara moja. Baadhi ya tarakimu huwa zimeandikwa tangu mwanzo.

Mchezo huu ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1979, katika jarida la kampuni ya Dell, ukiwa kazi ya Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana. Kampuni ya Nikoli iliuingiza Japani mwaka 1984, na jina *sudoku* likatokana na kufupishwa kwa sentensi ya Kijapani iliyomaanisha kuwa kila tarakimu lazima iwe peke yake. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyezaliwa New Zealand, aliandika programu ya kompyuta ya kuzitunga, na gazeti la The Times la London likaanza kuzichapisha Novemba 2004. Mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu majedwali kamili yote yanayowezekana wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba tarakimu 16 za kuanzia hazitoshi kamwe kuleta jawabu moja. Idadi ndogo kabisa ni 17.

Idadi hiyo ya 17 ni ya sudoku isiyo na masharti ya ziada. Mtungaji akiongeza masharti, tarakimu za kuanzia zaweza kupungua sana. Mfano uliopata umaarufu ni sudoku ya Mitchell Lee ya mwaka 2020, iliyoanza na tarakimu mbili tu katika visanduku 81. Sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na tarakimu katika sudoku ya kawaida ilifanywa pale na kanuni, yaani na sentensi chache zilizoandikwa juu ya jedwali.

Haki ya shamba la mteremko

Kanuni za sudoku zina ndugu wa zamani katika kilimo. Chukua shamba la majaribio kwenye mteremko kama ule wa Uru, kaskazini mwa mji wa Moshi, kati ya Kibosho na Old Moshi. Mtafiti anataka kulinganisha aina nne za mbolea ya kahawa katika vitalu 16 vilivyopangwa nne kwa nne. Vitalu vya juu hupata baridi na mvua zaidi kuliko vya chini. Vya upande mmoja viko karibu na mfereji kuliko vya upande wa pili. Mbolea moja ikiwekwa juu tu, mavuno yake yatasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mvua.

Njia ya kuondoa upendeleo huo ni kuhakikisha kila aina ya mbolea inapatikana mara moja katika kila safu mlalo na mara moja katika kila safu wima. Mpangilio huu huitwa mraba wa Kilatini, kwa sababu Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, aliujaza kwa herufi za Kilatini. Katika karne ya 20 Ronald Fisher aliufanya uwe chombo cha kawaida cha majaribio ya kilimo.

Shamba laweza pia kuwa na viraka: hapa kivuli cha migomba, pale udongo wa mawe. Mwaka 1956 Mjerumani W. U. Behrens alipendekeza sharti la tatu, kwamba kila aina ipatikane mara moja katika kila kiraka pia. Mipangilio hiyo aliipa jina la Kijerumani lenye maana ya "yenye haki". Jedwali lililojazwa la sudoku ni mpangilio wa aina hiyohiyo. Kwa hiyo anayemweleza mwanafunzi wa Uru kwa nini tarakimu hazirudiwi katika kanda anaweza kuanza na jambo analolijua: kwamba kila anayestahili apate sehemu yake katika kila kipande cha ardhi.

Mfano: mfereji wa visanduku vinne

Miongoni mwa masharti ya ziada yanayopendwa na watungaji ni mstari ambao tarakimu zake huongezeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi mstari huo huchorwa kama kipimajoto. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako mifereji ya asili iitwayo *mifongo* huchepusha maji ya mito hadi kwenye vihamba, mstari huo waweza kuitwa mfereji, na tarakimu zake zikapungua, kwa kuwa maji hayapandi mlima.

Sudoku ifuatayo ina visanduku 16. Safu wima zake ni A, B, C na D kutoka kushoto. Safu mlalo ni 1 hadi 4 kutoka juu. Kanda ni nne, kila moja visanduku viwili kwa viwili. Hakuna tarakimu hata moja ya kuanzia.

Kanuni ya kwanza: Kila safu mlalo, kila safu wima na kila kanda iwe na tarakimu 1, 2, 3 na 4, kila tarakimu mara moja.

Kanuni ya pili: Mfereji unaanzia B1 na kupita B2, kisha C2, na kuishia C3. Kila kisanduku cha mfereji kiwe na tarakimu ndogo kuliko ya kisanduku kilichokitangulia.

Mfereji una visanduku vinne na tarakimu ni nne, hivyo lazima uwe 4, 3, 2, 1. Katika kanda ya juu kushoto zimebaki 1 na 2. Safu mlalo ya 2 tayari ina 2 katika C2, kwa hiyo A2 ni 1 na A1 ni 2. D2 inabaki na 4. Katika safu mlalo ya 1 zimebaki 1 na 3; safu wima C tayari ina 1, kwa hiyo C1 ni 3 na D1 ni 1. C4 inakuwa 4, na kwa sababu hiyo A4 haiwezi kuwa 4: ni 3, na A3 ni 4. Safu mlalo ya 3 ina 1 katika C3, kwa hiyo B3 ni 2 na B4 ni 1. D3 ni 3, D4 ni 2. Jawabu, safu mlalo kwa safu mlalo, ni hili:

2 4 3 1
1 3 2 4
4 2 1 3
3 1 4 2

Sasa kanuni ya pili ibadilishwe kidogo, isomeke: "Tarakimu za mfereji zifuatane." Sentensi ni fupi na ina mvuto, lakini haisemi maji yanatoka wapi. Mteguaji aweza kuujaza mfereji 1, 2, 3, 4 na akapata jedwali jingine lisilovunja kanuni yoyote:

3 1 2 4
4 2 3 1
1 3 4 2
2 4 1 3

Au kanuni ya pili iachwe kama ilivyokuwa, kisha iongezwe ya tatu: "Visanduku vinavyopakana visiwe na tarakimu ileile." Kama *kupakana* ni kushiriki upande, kanuni hii haiongezi kitu, kwa kuwa visanduku vinavyoshiriki upande huwa katika safu moja na tayari haviruhusiwi kulingana. Kama *kupakana* ni pamoja na kukutana kwenye pembe, sudoku inakufa: katika jawabu pekee lililopatikana, C2 na B3 zinakutana pembeni na zote ni 2. Jedwali na mfereji havikubadilika, ila idadi ya majawabu imetoka moja ikawa zaidi ya moja, kisha sifuri, kwa sababu ya neno.

Maneno ya kuangaliwa

*Pakana.* Katika Uru mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa masale, na majirani wanaotenganishwa na mstari wa masale hawana shaka kwamba wanapakana. Wale ambao vihamba vyao hugusana kwenye pembe tu waweza kujibu kwa namna mbili. Mtungaji asimwachie mteguaji shauri hilo. Aandike "vinavyoshiriki upande", au "vinavyogusana kwa upande au kwa pembe".

*Fuatana.* Neno hili lina njia mbili: kufuatana kwa mahali na kufuatana kwa thamani. Tarakimu 7 na 2 zilizokaa katika visanduku jirani zinafuatana kwa mahali. 7 na 8 zinafuatana kwa thamani popote zilipo. Kwa maana ya pili ni salama kuandika "zinazotofautiana kwa 1".

*Kati ya* na *baina ya.* Kuna sudoku ambazo namba iliyo kando ya safu ni jumla ya tarakimu zilizozungukwa na 1 na 9. Kanuni ikiandikwa "jumla ya tarakimu zilizo kati ya 1 na 9", msomaji ana haki ya kuelewa tarakimu 2 hadi 8. Jumla ya hizo ni 35 katika kila safu, na kanuni inakuwa haina kazi. Inafaa kutaja mahali waziwazi: "jumla ya tarakimu za visanduku vilivyo baina ya kisanduku chenye 1 na kisanduku chenye 9".

*Moja.* Watu wenye baba mmoja ni ndugu. Hapo *mmoja* ni "yuleyule". Lakini "visanduku hivi visiwe na tarakimu moja" yaweza kueleweka kuwa visiwe na 1, au visiwe na tarakimu pekee, au visilingane. Kiswahili kina dawa yake: *ileile*. "Visiwe na tarakimu ileile" haina njia ya pili.

*Tofauti.* Katika hisabati, tofauti ya 8 na 3 ni 5. Katika mazungumzo, 8 na 3 ni tarakimu tofauti. "Tarakimu ziwe na tofauti" haitoshi. "Tofauti yake iwe 5 au zaidi" inatosha. Na hapa *au zaidi* lisisahauliwe, kwa kuwa "zaidi ya 5" inaiacha 5 nje.

*Safu.* Neno hili peke yake laweza kuwa mlalo au wima kulingana na kitabu alichosomea msomaji. *Safu mlalo* na *safu wima* huondoa shaka. Mstari unaokatiza kutoka pembe hadi pembe ni *mshazari*.

*Tarakimu* na *namba.* Tarakimu ni alama moja, 0 hadi 9. Namba yaweza kuwa na tarakimu nyingi: 45 ni namba yenye tarakimu mbili. Kisanduku hubeba tarakimu. Jumla ya kizimba, yaani kundi la visanduku lililozungushiwa mstari wa nukta, ni namba.

*Zote.* "Tarakimu zote hazizidi 5" inakataza kila tarakimu kuzidi 5. "Si tarakimu zote zinazozidi 5" inaruhusu baadhi zizidi. Mfasiri anayehamisha ukanushi kutoka lugha nyingine bila kupima mahali pake hubadilisha mchezo mzima.

Upatanisho wa kisarufi

*Sudoku* huingia katika ngeli ya I-ZI: sudoku hii ni ngumu, sudoku hizi ni ngumu. *Jedwali* na *jawabu* ni LI-YA: jawabu lake, majawabu yake. *Kisanduku* na *kizimba* ni KI-VI. *Mfereji*, *mshale* na *mstari* ni U-I. *Kanda*, kwa maana ya eneo, huandikwa vilevile kwa umoja na wingi, kama katika Kanda ya Kaskazini: kanda hii, kanda hizi. Mtungaji afadhali achague *kisanduku* kwa nafasi ya tarakimu moja na *kanda* kwa eneo la nafasi nyingi, kisha asibadilishe. Neno *mraba* lina utata katika muktadha huu, kwa sababu nafasi moja ni mraba, kanda ni mraba, na jedwali lote pia ni mraba.

Kumpa mwingine

Sudoku ikishatungwa huenda kwa watu: hubandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, hutumwa kwa simu. Katika safari hiyo jedwali huwa halibadiliki sana. Kinachoharibika ni kanuni. Mmoja huifupisha, mwingine huieleza kwa mdomo, wa tatu huitafsiri. Hivyo inafaa kanuni zote ziandikwe pamoja na jedwali lenyewe, kila moja katika sentensi yake, na hata ile ya kawaida isiachwe kwa dhana kwamba inajulikana. Kama kuna kanuni inayoweza kueleweka vibaya, mfano mmoja mdogo wa kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa huwa na thamani kuliko aya nzima.

Jaribio la kweli ni kumpa mtu ambaye hakusikia maelezo yoyote ya mdomo. Akirudi na jawabu tofauti na la mtungaji, swali la kwanza liwe alisoma nini, ndipo lifuate swali la alikosea wapi. Kama jawabu lake halivunji kanuni kama zilivyoandikwa, basi ametegua sawasawa, na kinachohitaji kusahihishwa ni maandishi. Mwalimu anayesahihisha kwa kulinganisha na jawabu moja alilopewa, bila kurudi kwenye kanuni, aweza kuweka alama ya kosa juu ya kazi sahihi.

Jina la mtungaji nalo lisafiri na kazi yake. Majarida ya Dell hayakuweka jina la Garns juu ya mchezo wake. Alikuja kutambuliwa baadaye kwa sababu jina lake lilionekana katika orodha ya wachangiaji kwenye matoleo yenye mchezo huo, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1989, kabla dunia haijaujua. Anayeikopa sudoku ya mwingine na kuibadilisha kanuni ataje aliyetunga mwanzo na aseme alichokibadilisha. Kisha aitegue upya yeye mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuitoa, maana desturi ya vitendawili humdai mtegaji jawabu, na anayetega asichoweza kutegua hana la kusema akishapewa mji.